Solo ya Siku ya Kutosha Matanga

Butembo, tarehe 12 mwezi wa tatu 2023

Kwa mwanangu Kakule,

Nakusalimia wewe pamoja na mke wako Jemima. Sisi huku tuko wazima. Virginie, dada yako, amepata kazi ya kufundisha kalasi ya tatu, na jioni anarudi na chaki mpaka kwenye nyusi. Baba yako alishuka kutoka Vuhovi Jumanne iliyopita, akaleta maharagwe, akalalamika juu ya mgongo wake. Lakini alikula sahani mbili, kwa hiyo sikuhangaika.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu kwenye simu sisi huwa tunasema "allo, unanisikia?" mpaka mambo yenyewe yanatupita. Masista walinifundisha kuandika, na baba yako mdogo Kitsa alipenda mwandiko wangu. Mathe, yule anayeendesha lori la mafuta ya mawese kati ya Beni na kwetu, amekubali kubeba barua zetu.

Neno langu ni hili. Tarehe 25 mwezi wa kumi na moja itatimia mwaka mmoja tangu tumzike Kitsa. Tulikaa kikao cha jamaa, tukaamua misa iwe asubuhi, kisha tutoshe matanga, yaani tumalize maombolezo, hapa kiwanjani, na mimi nivue nguo nyeusi za ujane. Baba yako akauliza nani atapiga muziki. Sikuli, aliyepiga gitare pamoja na Kitsa miaka ishirini, akajitolea na kundi lake. Nikasema vizuri, lakini blues moja itapigwa, ile Kitsa alipenda kufungia kila onyesho, na solo atapiga Kakule kwa gitare la Kitsa.

Sikuli akacheka. Akasema: "Mama Emérence, Kakule anapiga muzuri, lakini iko photocopie, kopi tu ya Kitsa. Siku ile batu batalia juu ya Kitsa, hapana juu yake."

Nikamjibu: "Utakuja, utasikia, utanyamaza."

Sasa nimekwisha kusema mbele ya watu. Usiniache peke yangu.

Mama yako mdogo,
Emérence


Beni, tarehe 9 mwezi wa nne 2023, siku ya Pasaka

Mpendwa mama mdogo,

Pasaka njema kwako na kwa Virginie. Mwambie nampongeza, na awaonee huruma watoto wa kalasi ya tatu. Jemima anaanika kakao uani, na wingu dogo likipita anakimbia kama mtu aliyeitwa na polisi. Kazi yangu ya kutengeneza redio na simu inaendelea. Jumamosi bado tunajifunza muziki katika salle, ule ukumbi wa parokia: mimi, mpigaji wa bass, na Gérard kwenye ngoma. Gérard ni yule mwalimu wa hesabu aliyetumwa huku kutoka Kananga.

Barua yako imeniheshimu sana. Lakini sitaki kukuficha: Sikuli hakusema uongo.

Wewe unajua blues ilivyo, umeisikia maisha yako yote. Mesure kumi na mbili, yaani vipimo kumi na viwili vya mapigo, kisha inarudi mwanzo. Mwimbaji akinyamaza, gitare linapewa nafasi, na hapo mtu anatunga palepale, hakuna kilichoandikwa. Basi mimi situngi tena. Vidole vinaanza, vinapanda, vinafika mahali fulani juu, vinageuka, vinashuka na ule mwisho wa baba mdogo: noti tatu, kituo kidogo, na noti ya nne chini. Kila mara. Nilijaribu kuanza mahali pengine, nikafika palepale. Nilijaribu kwenda mbio, nikafika palepale mapema zaidi.

Gérard amehesabu, ndiyo kazi yake. Juzi aliweka vijiti chini akasema: "Petit Kakule, solo tisa. Zote tisa zimelala nyumba moja. Gitare yako ni kama pikipiki ya kwenda Butembo: hata motard asinzie, itafika tu pa kituo yake."

Unajua nilijifunza kwa ile kaseti aliyojirekodi mwaka 2001 na kuituma Vuhovi. Niliisikiliza mpaka utepe ukaanza kulia wenyewe. Nilidhani nikimjua yeye vizuri, mwishowe nitajijua mimi. Nifanye nini?

Mwanao,
Kakule


Butembo, tarehe 30 mwezi wa nne 2023

Kwa mwanangu Kakule,

Barua yako ilifika na harufu ya mawese, Mathe alikuwa ameikalia. Hapa mvua imeangusha ukuta wa choo cha jirani, lakini hakuna mtu aliyeumia. Virginie anakusalimia na anasema watoto ndio wanapaswa kumwonea huruma yeye.

Mimi sijui muziki. Lakini niliishi miaka thelathini na mbili na mtu aliyejifunza kila siku, na mtu anayepika hawezi kuziba masikio. Acha nikuambie niliyoyaona.

Kitsa hakugusa gitare kabla hajaimba. Gitare lilibaki ukutani, yeye anaimba solo kwa mdomo huku ananyoa ndevu, na alijikata mara nyingi. Nilimuuliza kwa nini hachukui gitare moja kwa moja. Akasema: "Bidole biko na uvivu, binapita tu njia yenye binajua. Kinywa haijue njia, inatafuta."

Tena alipenda kumfuatisha Kavuo, jirani yetu, mama anayeuza makala, yaani mkaa. Kavuo akigombana na wateja mlangoni, Kitsa alikaa dirishani na gitare, akapiga kila neno lake. Kavuo akipanda, gitare linapanda, akikata, linakata. Mwishowe Kavuo alijua, akawa anainua sauti kusudi. Siku moja alikuja kuuliza: "Papa Kitsa, leo niligombana muzuri?" Kitsa akamwambia jana ilikuwa bora.

Na aliacha nafasi. Anapiga kidogo, anangoja, mimi jikoni naitika "ehee," ndipo anaendelea. Nikiwa na hasira naye siitiki, na solo inakwama hapo mpaka anakuja kuomba msamaha.

Jaribu hayo. Ule mwisho wa noti nne unaousema, hakuzaliwa nao. Hapa chini kuna mstari mmoja umeharibika, usiuangalie, ni wino uliomwagika.

Mama yako mdogo,
Emérence


Beni, tarehe 11 mwezi wa sita 2023

Mpendwa mama mdogo,

Tuko wazima. Jemima alipata homa wiki moja, sasa anafukuza kuku kama zamani. Nakuomba radhi kwa kukawia, Mathe hakupita huku muda mrefu.

Nilifanya yote uliyoandika. Niliimba kwanza, na mpigaji wa bass alicheka mpaka akakaa chini. Kisha nilimfuatisha Jemima akigombeza kuku waliopanda juu ya kakao. Nilikuja na hiyo Jumamosi, nikaipiga ndani ya solo, na Gérard akapaza sauti: "Enfin! Mwishowe! Leo kuko mutu ndani ya nyumba." Mama mdogo, nilifurahi kama mtoto. Niliacha nafasi pia. Mara ya kwanza niliogopa, nilidhani watu wataona nimesahau. Hawakuona hivyo, waliinua vichwa.

Kwa hiyo mwanzo wangu umebadilika. Lakini mwisho ni uleule. Mesure ya tisa inafika, ya kumi inafika, mkono umegeuka pale juu na kushuka kwa noti zake nne. Kama kuna ukuta pale, na mimi sijui ni nani aliujenga.

Sasa, mama mdogo, wino hauwezi kumwagika kwa mstari ulionyooka vile. Nilishika karatasi kwenye jua. Nimesoma maneno matatu tu: "kamba," halafu mbele kidogo "kosa langu." Kosa gani? Kama linahusu ule mwisho, niambie, tafadhali.

Mwanao,
Kakule


Butembo, tarehe 27 mwezi wa nane 2023

Kwa mwanangu Kakule,

Natumaini barua hii itawakuta wazima. Mathe alingoja siku kumi bila kuondoka kwa sababu barabara ilikuwa imefungwa. Lakini sitaki kukudanganya, barua hii ingeweza kuondoka kabla ya hapo.

Matayarisho yanaendelea. Tumechagua kitambaa cha siku ile, bluu yenye majani meupe, na shangazi zako wamegombana juu ya mshono. Baba yako ametoa mbuzi. Padri amekubali misa ya saa tatu.

Juu ya ule mstari, tuuache. Nimefikiri, na naona huna haja ya kujisumbua. Piga kama Kitsa alivyopiga. Watu watafurahi kumsikia tena. Na mimi pia.

Mama yako mdogo,
Emérence


Beni, tarehe 17 mwezi wa tisa 2023

Mpendwa mama mdogo,

Salamu kwa wote. Sisi ni wazima.

Mwezi wa tatu ulimwambia Sikuli kwamba atanyamaza. Mwezi wa nane unaniambia nipige kama baba mdogo. Sikukasirika, lakini nimefikiri na mimi. Kama watu wanataka kumsikia yeye, wekeni kaseti. Kaseti inampiga vizuri kuliko mimi.

Nitakuja. Nitabeba viti, nitakata nyama, nitasimama nyuma yako kwenye misa. Gitare nitaliacha ukutani. Umwambie Sikuli apige yeye.

Nisamehe.

Kakule


Butembo, tarehe 1 mwezi wa kumi 2023

Kwa mwanangu Kakule,

Barua yako nilianza kuisoma nimesimama, nikaimaliza nimekaa. Salamu za nyumba utazipata siku nyingine. Leo nitaandika mstari nilioufuta.

Mwaka 2000 ulikuwa wakati wa vita, na vitu vya gitare havikufika Butembo kwa njia yoyote. Wakati ule nilipika sabuni ya mawese nyumbani na kuiuza sokoni. Sabuni inamwagwa katika fremu ya mbao, na ikiganda inakatwa kwa waya mwembamba. Siku moja waya wangu ulikatika, na sabuni haingoji, ikikauka sana inapasuka. Kitsa alikuwa amekwenda Masereka kutafuta viazi. Nikatazama ukutani. Nikafungua kamba ya kwanza ya gitare, ile nyembamba kuliko zote, nikakatia sabuni. Niliona naweza kuirudisha. Kipande cha mwisho kilikuwa kigumu, kamba ikakatika vipande viwili.

Alirudi na gunia la viazi. Akashusha gitare, akaliangalia, akaniangalia. Nilikuwa nimeshika vile vipande viwili nyuma ya mgongo. Akauliza: "Sabuni imekatika muzuri?" Nikasema ndiyo. Akasema: "Basi." Hakurudi kwa neno hilo maisha yake yote.

Alijaribu waya wa breki ya baiskeli, ukamkata kidole na ukalia kama sahani. Akauacha. Alipiga na kamba tano kwa miaka minne. Akipanda, anafika kamba ya pili, mbele yake hakuna kitu, kwa hiyo anageuka. Mwanzoni aligeuka vibaya, nilisikia, na nikajua ni mkono wangu. Kisha akatafuta, wiki baada ya wiki, mpaka akapata zile noti tatu, na kituo, na ya nne chini. Watu wakaanza kusema: sikia, ule ni mwisho wa Kitsa. Hata kamba zilipopatikana tena, hakuuacha. Kaseti yako ya 2001 ina gitare la kamba tano. Kwenye kaseti haionekani.

Ule ukuta wako nilijenga mimi, kwa sabuni.

Sasa kwa nini sikukuambia mwezi wa nne. Si haya peke yake. Ukipiga ule mwisho, mimi nasikia anaingia nyumbani na kuvua viatu. Nilijua nikikuambia utauacha. Nilitaka anirudie siku ile moja, hata kwa vidole vyako. Niliandika kwamba watu watafurahi, lakini mtu huyo nilikuwa mimi.

Haikuwa haki kwako. Gitare limetandikwa kamba mpya zote sita, Virginie amezinunua. Ukuta haupo, mwanangu. Pita.

Emérence


Beni, tarehe 29 mwezi wa kumi 2023

Mpendwa mama mdogo,

Jemima alidhani nimepata habari ya msiba, kwa sababu nilicheka juu ya sabuni, kisha nikatoka nje na sikurudi haraka.

Jumamosi ya kwanza baada ya barua yako niliwasimulia wenzangu. Gérard akasema: "Kumbe miaka yote ile umekopia shimo." Kisha akafikiri tena, akasema: "Lakini ule muzee alikuwa mukubwa, kama hata shimo yake inaimba." Nimekuandikia hayo kwa sababu nataka uyajue. Hukumharibia kitu, mama mdogo. Wote waliomsikia walidhani ni yeye aliyechagua.

Nilijaribu kupita pale juu, kwenye kamba ya kwanza. Unajua nini? Vidole havikutaka. Kamba ipo, na mkono unageuka. Basi nikafikiri jinsi yeye alivyopata mwisho wake: alinyimwa kitu, akatafuta. Nikatoa kamba ya pili kwenye gitare langu, ile mkono wangu unapogeukia, nikapiga wiki tatu bila hiyo. Wiki ya kwanza nilipiga kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Wiki ya pili nilianza kuruka. Wiki ya tatu Gérard hakuhesabu tena. Jana niliirudisha, na sikurudi kwenye ule mwisho hata mara moja, na sikuwa najizuia.

Sijui bado nitapiga nini tarehe 25. Zamani hilo lingenitia hofu, sasa ninalipenda.

Kuna jambo na mimi sikuliandika. Umeniheshimu kwa kutoniuliza kwa nini sikufika siku ya kuzika. Wote walisema ni barabara. Siku ile barabara ilikuwa wazi. Nilifika kituo cha magari, gari lilikuwapo, na nafasi ilikuwapo. Niliogopa utaniomba nipige. Nikarudi nyumbani.

Nitakuja tarehe 23.

Kakule


Butembo, tarehe 3 mwezi wa kumi na mbili 2023

Kwa mwanangu Kakule,

Natumaini ulifika Beni salama na nyama uliyomchukulia Jemima haikuharibika njiani. Hapa viti vyote vimerudi kwa wenyewe isipokuwa viwili ambavyo hakuna anayevijua. Baba yako alikaa mpaka Jumatano, akisimulia kila aliyepita kwamba kidole chako kirefu kimetoka upande wake.

Siku ile watu walikuwa wengi, na wewe ulizungukwa, kwa hiyo sikusema kitu. Nitasema hapa.

Ulipoanza, nilikuwa nimesimama karibu na jiko nimevaa kitambaa kipya, na bado najisikia kama niliyevaa nguo ya mtu mwingine. Raundi ya kwanza ulipiga kidogo tu. Nikaona Sikuli, nyuma yako na gitare la kusindikiza, anaangalia watu kama anayesema: mnaona? Raundi ya pili ukaanza kupanda. Nilijua mahali. Nilifumba macho nikangoja zile noti nne. Nakiri mbele yako kwamba nilizingoja kwa moyo wote.

Hazikuja. Ulipita pale kama hapajawahi kuwa na kitu, ukaenda juu ambako mimi sijawahi kusikia gitare lile likienda, na huko ukakaa. Hukuwa na haraka. Kisha ukashuka kwa njia yako, na sijui kuieleza kwa sababu sina jina lake. Sikumsikia Kitsa hata kidogo. Nililia, wamama wakanishika mabega wakisema pole, amekwenda, amekwenda. Niliwaacha waseme. Nilikuwa nalia kwa fahari juu yako, na hilo ni vigumu kulieleza katika matanga.

Sikuli alikosea. Mesure ya tano alisahau kubadilisha akordi, uliona? Baadaye alinifuata kwenye chakula. Nikamwuliza ilikuwaje. Akasema: "Nilikuwa nasikiliza, Mama. Nilisahau kama na miye niko napiga." Akasimama kidogo na sahani yake. "Ile ya mwisho, alifundishwa na nani?"

Nikasema: "Hakuna."

Akatikisa kichwa, akaenda kukaa, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akala bila kuongea. Mimi nikazunguka na sufuria kati ya wageni, nikiwaongezea chakula hata walioshiba, kwa sababu kila niliyemfikia aliniuliza yule ni mtoto wa nani, na nilipenda kujibu.

Kuhusu lile la kituo cha magari, ulilia kwa kuniomba msamaha Jumapili ile mlangoni na sikukujibu vizuri. Nakujibu sasa. Ungekuja, ningekuomba kupiga. Ningekuomba kabla hujashusha begi, na ungepiga kama yeye, na mimi ningeridhika, na labda mpaka leo ungekuwa unapiga kama yeye. Basi tusilaumiane. Tumemzika vizuri mara zote mbili.

Nguo nyeusi nimempa Kavuo, amesema zitafaa kwa makala.

Mwanangu, ukikaa kusali na Jemima, taja na jina langu. Mara moja inatosha.

Mama yako mdogo,
Emérence